Gari Linazimika, Nami Namshuku Shemeji

Mama Apolinaria, shikamoo. Naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanihukumu, maana hapa Isevya sina tena wa kumwambia. Nina gari dogo la familia, tangu Machi linazimika lenyewe barabarani, halafu likijisikia linawaka, na kila likizima shemeji yangu Yoramu, kaka wa mke wangu Recheli, tunayeishi naye, mkono wake haukosekani. Mara ya kwanza tulikuwa tunatoka Kwihara, tukaruka tuta, injini kimya, redio nayo kimya, Yoramu akashuka, akafungua boneti, akashikashika humo, gari likawaka, na saa ya redio ikawa imeanza upya kama imetoka dukani leo. Nikajiuliza, yeye ni fundi cherehani, anajuaje pa kushika? Mara ya pili hakuwemo, lakini jana yake ndiye aliyeliosha, basi nikapekua begi lake akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nikakuta fyuzi mbili mpya, nikazirudisha, nikanyamaza, nikawa namtazama tu. Kisha Jumapili moja gari likafa katikati ya reli, Recheli amempakata mwanetu, honi ya treni tunaisikia. Yoramu aliruka, akafungua boneti, akabonyeza kitu, likawaka, tukatoka. Mama, badala ya kumshukuru nilimkunja shati mbele ya watu. "Umezima wewe, umewasha wewe! Unataka kutuua?" Alisema tu, "Shemeji, mimi?" Kesho yake akaenda kwa wazazi wao Ulyankulu, na Recheli akamfuata na mtoto, simu zangu hapokei. Juzi gari limezima tena nikiwa peke yangu. Nahisi alilitegea kitu kabla ya kuondoka. Nimpeleke polisi, au nitafute wataalamu wa mambo yale mengine?

Amon, Isevya

*

Marahaba, Amon. Polisi waache, na hao wataalamu wako ndiyo kabisa.

Barua yako nilimsomea Mzee Nasor, fundi wa umeme wa magari. Nilipofika kwenye saa ya redio akaniinulia mkono. "Mwambie asihangaike na mafuta. Injini ikizima na redio ikafa nayo, umeme umekatika kwenye shina. Aanzie kwenye betri."

Ndiyo maana nilikupigia simu Jumanne, nikakuambia uwashe gari kwenye breki ya mkono, ushike waya wa hasi wa betri, uutikise. Likazima mikononi mwako. Nikauliza nani aliufunga. Ukasema, "Mimi, mama. Nilibadilisha betri Februari."

Nakuhurumia, maana kusikia treni ukiwa na mke na mtoto juu ya reli kunaweza kumtoa mtu akili. Lakini barua nzima sijaona swali hata moja ulilomuuliza Yoramu. Aliona waya umelegea, akaubonyeza. Fyuzi huenda alikununulia wewe. Ungeuliza ungejua.

Sasa fanya hivi. Mpelekee Mzee Nasor gari. Atasugua kutu, atakaza pale betrini, na ataufuata waya huo hadi ulipofungwa kwenye bodi, kwa sababu huko nako hulegea, na ukiwa umekatika kwa ndani ataweka mwingine. Kisha endesha peke yako wiki nzima kwenye barabara mbovu. Saa ya redio ikibaki sawa, ndipo upakie watu.

Ulyankulu usisubiri wiki hiyo. Panda basi, kesho. Usitume ujumbe, usimtume mchungaji. Yoramu ulimdhalilisha hadharani, basi usimvutie pembeni kumnong'oneza radhi. Sema mbele ya wazazi wake, kwa sauti ileile ya pale relini, kwamba waya uliuacha umelegea wewe na yeye ndiye aliyewaokoa. Na la begi liseme pia, hata kama hakuna aliyekuuliza.

Recheli akikataa kurudi siku hiyo, usimvute wala usimtajie mtoto. Msalimie, panda basi, rudi peke yako.