Kompyuta ya Maneno ya Baba

Tunduma,
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu mpendwa Nikodemo,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itawakuta salama huko Kitwe, wewe, wifi Irene na watoto, na kwamba kile kifua cha wifi kimetulia tangu mvua zikatike. Ningependa kusema nasi hatujambo kama ilivyo desturi, ila ukisoma mbele utaniona mwongo. Baba anakula vizuri, uji na ndizi za kwetu Mbebe, na mkono wake wa kushoto una nguvu. Wa kulia na ulimi bado, tangu kile kiharusi cha Februari. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu nitalia tu, nawe utakata ukidhani mtandao unasumbua.

Unakumbuka uliponituma ninunue kompyuta ya kuandikia maisha ya Baba. Uliniambia nisitazame uzuri, kwa kuwa kila kompyuta huwaka dukani, na chapa nzuri utaijua siku ikizima. Ukanipa kazi ya kuchukua namba za huduma kwa wateja za chapa tatu, nizipigie zote, nione nani anapokea, nani anasikiliza kama binadamu, na fundi wao yuko mji gani. Nilikujibu kwamba nimepiga zote na nimechagua iliyo bora.

Salum, yule muuza kompyuta wa hapa karibu na mpaka, naye alinionya. Alisema, dada, ile nyeusi ni nzito kama tofali, lakini fundi wao yuko Mbeya na simu wanapokea. Hii nyembamba ikikufia, hata mimi niliyekuuzia sijui utamlilia nani. Nikamcheka. Tabita wa ofisini kwetu alikuwa na nyembamba, nami nikataka nyembamba.

Ilifanya kazi miaka miwili. Kila mwisho wa mwezi nilikwenda Mbebe, Baba akasimulia, nikaandika, kisha nikamsomea. Nikikosea aligonga meza mara mbili kwa kidole, bila neno, nami nikasahihisha. Tulifika kurasa mia mbili na kumi: miche ya kahawa aliyoibeba kichwani akiwa kijana, majina ya wazee wetu na mahali kila mmoja alipozikwa, siku tuliyomzika Mama. Uliniomba nakala, nikasema ngoja niinyooshe kwanza. Kilikuwa kiburi, Kaka. Nilitaka siku moja uzishike zikiwa kitabu.

Alipoanguka nilimleta hapa kwangu, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilimsomea kurasa mbili. Macho yake yalikuwa yanacheka. Ndicho kitu pekee alichobaki nacho, maneno yake mwenyewe, akiyasikia kwa mdomo wangu.

Mwezi wa Mei ikazima, ikagoma kuwaka. Nikapiga huduma kwa wateja. Siku tisa nilisikiliza muziki, bonyeza moja, bonyeza mbili, mpaka salio linakwisha. Siku ya kumi akapokea mtu, akaniuliza mambo yote, akasema niitume Dar es Salaam. Nilipopiga tena alipokea mwingine, asiyejua lolote, tukaanza upya. Mara nne nilieleza kwamba ndani mna sauti ya mgonjwa asiyeweza kusema tena, wasiguse vilivyomo. Mara nne, sauti nne tofauti, wakaniambia dada usijali, tumeandika.

Wiki ya sita ikarudi na basi, inang'aa, inawaka vizuri. Ndani hamna kitu. Wameweka diski mpya, na ile ya zamani wameiharibu kwa taratibu zao. Walioandika hawakuwa walioshika bisibisi. Siku hiyo hiyo ukaja ujumbe: umeridhika kiasi gani na huduma yetu, chagua nyota moja hadi tano. Nilikaa sakafuni nikapiga yowe, majirani wakadhani Baba amefariki.

Sasa nikwambie ya moyoni. Zile simu tatu sikupiga. Hata moja. Nilikudanganya kwa sababu nilishaipenda ile kompyuta, na nikaona wewe uko mbali, hutajua.

La pili ni baya zaidi. Baba sijamwambia. Kila asubuhi naifungua kompyuta mbele yake, yeye anaona mgongo wake, mimi naona kioo kitupu, na ninajifanya nasoma. Mwanzoni nilisoma ninayoyakumbuka. Yalipokwisha, nikaanza kutunga. Jana nikafika kwenye mazishi ya Mama. Nikasema pale kaburini Baba aliimba. Akagonga mara mbili. Nikasema aliomba. Akagonga mara mbili. Nikasema alinyamaza. Akagonga, akagonga, mpaka machozi yakamtoka, na mimi yananitoka.

Siku ile ya mazishi nilikuwa nimezimia, nimelazwa ndani kwa akina mama. Wewe ulisimama kando yake. Maneno ambayo Baba alimwambia Mama pale kaburini niliyaandika kwa vidole hivi, na nimeyasahau. Nakusihi, Kaka, niandikie. Na mengine yote unayoyakumbuka, hata kama ni nusu, hata kama huna uhakika. Baba mwenyewe atatusahihisha, maadam kidole kipo. Usingoje kunyoosha kama mimi.

Mpe wifi pole yangu, na watoto uwaambie shangazi yao anawapenda. Barua hii nampa dereva anayevuka kesho asubuhi.

Kabla ya kuifunga nimemsomea Baba, yote, na mahali pa uongo wangu sikuparuka. Hakugonga hata mara moja.

Mdogo wako,
Enesi