Nyundo, Si Mawimbi

Mangere, Auckland
4 Februari 1996

Mdogo wangu Sunia,

Salamu kwako, kwa wifi yangu Fusi na kwa watoto. Huku tu wazima, ila magoti yananisumbua. Natumaini kifua chako kimepata nafuu.

Baada ya salamu, nina hasira nawe. Kijana Semisi, alipotoka huko, kaniletea kaseti ya mahojiano yako redioni, yale ya kutimiza miaka arobaini ya utunzi. Niliita majirani, nikapika majani ya magimbi kwa nyama ya kopo, tukakaa kusikiliza. Mtangazaji alikuuliza nani alikufunza. Ukamtaja marehemu mzee Maile. Sawa, mzee yule alikuchapa mpaka ukajua kumwita mwanamke kwa jina la ua badala ya jina lake. Ukataja kwaya ya kanisa. Ukamtaja hata Kelepi, ambaye kazi yake ilikuwa kukaza nyuzi za gitaa na kumaliza chakula! Kisha akauliza, "Na tuni ya Shada la Asubuhi uliitoa wapi?" Ukakohoa kidogo, ukasema, "Niliisikia kwenye mawimbi."

Mawimbi gani, Sunia? Ile tuni ilitoka kwenye nyundo yangu. Nilikuwa nimekaa na akina mama tukigonga magome ya kutengeneza nguo, mapigo yakanikaa kichwani, tuni ikaja. Nikamwimbia Fusi, la la la, bila neno hata moja, naye akakupelekea nyumbani. Tuni kumi na nane zilipita njia hiyo. Wewe ukazitilia maneno ya mapenzi. Najua mila, usinifundishe: kaka na dada hawakai pamoja penye maneno ya mapenzi. Ndiyo maana sikuyauliza maneno yako hata siku moja. Lakini tuni haina mapenzi ndani yake. Ina kazi yangu.

Majirani waliniambia, "Kumbe ndugu yako ana kipaji!" Nikawaambia, "Kuleni."

Nasikia mwalimu Hopoate anakusanya nyimbo zako zitoke kitabu. Nataka jina langu liwemo kabla sijafa.

Dada yako,
Losaline


Ha'apai
2 Machi 1996

Dada yangu mheshimiwa,

Barua yako imefika, nimeisoma nikiwa nimesimama kwa heshima, kisha nikalazimika kukaa. Sisi hatujambo. Kifua kimepoa. Pole kwa magoti.

Dada, ulitaka niseme nini? Redio inasikika visiwa vyote. Niseme kwamba wimbo ambao bwana harusi humwimbia bibi harusi tuliutunga mimi na dada yangu? Watu wangeuliza kama nina akili timamu, na wewe ndiye wangekucheka kwanza. Nimekulinda.

Tena nilikutaja. Sikiliza kaseti vizuri. Nilisema mawimbi yanayopiga upande wa mashariki. Nyumba yako ilikuwa wapi? Mashariki! Mzee Maile alitufunza kwamba jambo zito halisemwi wazi, huzungukwa. Mwenye masikio ataelewa.

Na maneno nayo ni kazi, usisahau. Ule mstari wa pili ulinikosesha usingizi wiki tatu.

Mdogo wako,
Sunia


Mangere
20 Machi 1996

Sunia,

Mimi mzima. Salamu kwa Fusi.

Hukunilinda mimi, ulijilinda wewe. Fumbo ni la kumsifia mpenzi. Mtu anayedai haki yake hutajwa kwa jina alilobatizwa nalo. Mashariki! Mashariki kulikuwa pia na banda la nguruwe la mchungaji, kwa nini wasidhani tuni ilitoka kwa nguruwe?

Unapenda mila, basi pokea hii nayo. Mwanamke ni mkubwa kwa nduguye wa kiume, na akiomba kitu chake, hanyimwi. Haki hiyo ya fahu sikuwahi kuitumia. Sikuomba mtumbwi wako, sikuomba nguruwe, wala sikuomba mtoto wako nimlee, ingawa ningeweza na ungenyamaza. Sasa naomba. Kwa fahu yangu, naomba Shada la Asubuhi. Nipe.

Dada yako,
Losaline


Ha'apai
9 Juni 1996

Dada yangu mpenzi,

Furaha imenijaa nikikuandikia. Sote wazima, na viazi vikuu vimezaa vizuri mwaka huu.

Nimetii. Kwenye karamu ya wilaya nilisimama nimefunga mkeka wangu wa heshima wa kiunoni, ule mkuukuu wa baba, nikatangaza: "Dada yangu Losaline ameomba wimbo wangu, nami nampa." Watu walilia, dada! Bibi mmoja alinivisha shada shingoni. Mchungaji alisema vijana wa leo waje wajifunze kwangu jinsi ya kumheshimu dada. Mwalimu Hopoate ataandika kitabuni: "Wimbo huu mtunzi amemtunukia dada yake."

Nadhani sasa moyo wako umetulia.

Mdogo wako,
Sunia


Mangere
1 Julai 1996

Sunia,

Umenizawadia mali yangu mwenyewe, na ukavishwa maua juu yake. Tangu lini mwizi wa kuku akirudisha kuku akaitwa mkarimu?

Nililia kwa hasira mpaka mjukuu akadhani kuna msiba. Usiniandikie tena. Siku utakayosimama mbele ya wanaume wenzako ukasema "Tuni ni ya Losaline", siku hiyo uchukue kalamu. Maneno manne. Wewe fundi wa maneno, hayo hayatakushinda.

Losaline


Ha'apai
17 Novemba 1996

Dada,

Salamu. Sijui nianzie wapi, na hilo halijawahi kunitokea.

Ulipokata barua, Fusi naye akakata maneno. Ananipa chakula, ananiangalia nikila, basi. Mwezi wa tisa shule iliniomba wimbo. Maneno nilikuwa nayo, mazuri. Tuni sikuipata. Nilienda kukaa ufukweni siku nne, Mungu anisamehe, nikisikiliza mawimbi. Niliambulia mafua. Niliporudi Fusi akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa njia. Najua kilichopita juu yangu." Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikwenda kilabuni kunywa kava. Walipotaka kuanza Shada la Asubuhi niliinua mkono nikasema, "Tuni ni ya Losaline." Nikaeleza yote, ya Fusi na ya nyundo. Wakashusha vikombe. Kelepi akaniuliza, "Miaka yote hii umetuimbisha wimbo wa mapenzi uliotunga na dada yako?" Nikasema ndiyo. Nikangoja wanitukane.

Kelepi akakuna kichwa, akasema, "Basi toka. Sisi tunataka kuimba."

Dada, nilikasirika! Maneno ni yangu! Wakasema ndiyo, na tuni ni ya dada yako, kwa hiyo ukikaa hapa ni kama mmekaa naye, toka. Wazee watu wazima wakanionyesha mlango. Sasa imekuwa desturi. Mtu anatangaza, "Tuni ya Losaline, maneno ya Sunia," kisha wote wananitazama mpaka nitoke. Kitabuni pia yatakuwa majina mawili, lako likitangulia. Mwalimu ameshapiga chapa upya.

Ni wimbo wangu bora, na sitausikia tena nikiwa nimekaa na watu.

Nisamehe.

Mdogo wako,
Sunia


Mangere
8 Desemba 1996

Mdogo wangu Sunia,

Nimefurahi kusikia habari zenu. Mwambie Fusi namshukuru kuliko ninavyoweza kuandika.

Hasira ingali ipo, usijidanganye. Tangu harusi ya kwanza uliyouimbia mpaka siku niliyopanda ndege ni miaka kumi na tisa. Kila mlipoanza kuuimba kwenye karamu pale kilabuni, mimi niliacha sahani yangu nikatoka, kwa sababu ndugu yangu alikuwa ndani. Hukuuliza hata mara moja nilikwenda wapi.

Usisimame mlangoni, pale gitaa la Kelepi linafunika sauti. Zunguka nyuma mpaka kwenye tangi la maji, uegemee upande wenye kivuli. Hapo wimbo unasikika wote.

Dada yako,
Losaline