Saini ya Mheshimiwa

Jumatano, Oktoba 1

Serikali imefungwa, Bunge limeshindwa kupitisha bajeti. Tena! Simu zilianza kulia kabla sijavua koti. Mwaka wa kumi na tisa huu nakaa mapokezi, ofisi ya mbunge hapa jimboni, na watu wananitukana mimi utadhani ndimi niliyepiga kura. Brent, msaidizi mkuu wa Mheshimiwa Tillery, kapiga kutoka Washington: tuje kazini kama kawaida, mishahara yetu itakuja serikali ikifunguliwa. Na Mheshimiwa je? Wabunge wanalipwa, anasema, mshahara wao unalindwa na katiba. Haya. Laiti katiba ingenijua na mimi.

Mdogo wangu Corinne ni mkaguzi wa abiria uwanja wa ndege. Naye anafanya kazi bila malipo. "Wametuambia sisi ni watu muhimu, dada. Muhimu mpaka hatulipwi!"

Ijumaa, Oktoba 3

Mheshimiwa katokea kwenye televisheni: hatapokea mshahara mpaka serikali ifunguliwe. Niseme kweli, nilifurahi. Nilimpigia Corinne saa ileile.

Brent alituma barua ya kuiomba ofisi ya malipo ya Bunge izuie mshahara wake. Niichapishe, niipitishe kwenye mashine, niitume. Mashine yetu ya saini hushika kalamu ya wino halisi na kuandika jina lake mpaka ule mkia wa mwisho. Pongezi za harusi, rambirambi, pole za mafuriko — zote kazi ya mashine. Nikaiweka barua, ikasaini, nikatuma. Nikaenda kula mkate wangu.

Jumanne, Oktoba 14

Simu, simu, simu. Wote nawaambia lilelile: Mheshimiwa amekataa mshahara wake. Wengine wanapoa wakisikia hivyo. Mzee mmoja akasema basi huyo ni mtu.

Corinne anasema wenzake walipanga kusingizia ugonjwa wote siku moja. Akawazuia. Akawaambia dada yake anafanya kazi ofisini kwa mbunge, na mbunge naye halipwi. Wakabaki.

Jumanne, Oktoba 21

Barua imerudi! Ofisi ya malipo inasema kwa mambo ya mshahara haipokei saini ya mashine. Asaini mwenyewe, kwa mkono. Loo, kosa letu, mimi na Brent. Tumeizoea mno ile mashine, tumesahau kwamba mtu ana mkono.

Nimempigia Brent. "Jambo dogo, Bi. Nadine. Alhamisi yuko huko, atasaini." Nimechapisha nakala mpya isiyo na saini, nimeiweka kwenye jalada jekundu, juu kabisa.

Alhamisi, Oktoba 23

Alikuja. Nikamfungulia jalada mbele yake, kalamu nimeshaitoa kifuniko. Akaitazama barua, akatazama saa. "Iache hapo, Nadine, nitaisoma kwa utulivu." Barua ya mistari minne!

Mlangoni alikutana na bwana mmoja mwenye mpira wa besiboli, anataka saini ya kumbukumbu. Akausaini, kwa mkono wake, akicheka. Kisha akaenda zake.

Jumatatu, Novemba 3

Mishahara ya wabunge imetoka. Wake nao. Nimemuuliza Brent niseme nini kwenye simu. "Sema alichosema yeye." Jalada liko palepale.

Simu ya kwanza asubuhi, nikafungua mdomo, nikasema amekataa mshahara. Ulimi ulishazoea. Nimejichukia siku nzima.

Jioni Corinne alipita na mfuko wa viazi na siagi ya karanga. Alipanga foleni ya chakula cha msaada kanisani akiwa na sare ya kazi, na mwanamke mmoja, abiria ambaye yeye alimpekua juzi, alikuwa nyuma yake. Alisimulia kwa kucheka, lakini macho hayakucheka. "Angalau mbunge wetu yuko nasi," akasema. Nikainuka kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Alhamisi, Novemba 6

Nimemwambia Corinne. Nilishindwa kuendelea kumficha ukweli.

Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Wale wenzangu hawakubaki kwa neno la Tillery, dada. Hawamjui. Walibaki kwa neno lako." Akachukua funguo zake. Nimempigia mara tatu, hapokei.

Njia ya mwongo ni fupi, mama alikuwa akisema. Hakusema kitu kuhusu anayemjibia simu mwongo.

Jumamosi, Novemba 8

Naandika garini, nje ya kituo cha zimamoto.

Leo ndiyo siku ya kila mwaka ya kuuza pankeki, zile chapati laini za kumiminia shira, kuwachangia wazimamoto. Mheshimiwa huja, huvaa aproni, huwapikia watu. Corinne alikuwa kwenye foleni na wenzake wawili wa uwanja wa ndege. Hakunisalimu. Alipofika mbele akainua sahani yake na kuuliza kwa sauti: "Mheshimiwa, mshahara uliukataa kweli?"

"Kabisa! Muulize Nadine pale, barua aliituma mwenyewe."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Na mimi barua ninayo mkobani tangu juzi, sijui hata niliichukua kufanya nini. Nilikwenda nikaiweka pale mezani, kando ya chupa ya shira. Nikaweka na kalamu. "Ilirudi, Mheshimiwa," nikasema. "Inataka mkono wako."

Mtu akazima redio. Mheshimiwa akaisoma ile mistari minne taratibu, aproni imejaa unga. Corinne hakushusha sahani. Mimi nikatoka, nikaja kukaa garini.

Sasa Mheshimiwa anakuja. Peke yake, barua mkononi. Dirisha la ukumbi limejaa nyuso.

Anagonga kioo. Nimekishusha nusu.

Hajasaini. Anatabasamu — kwa ajili ya wale wa dirishani — na anaongea chinichini bila kufungua meno. Funguo za ofisi ninazo? Ni dakika tano tu kutoka hapa. Niende nikaipitishe kwenye mashine, niirudishe, awaonyeshe watu.

Mkono wake wa kulia hauna ubaya wowote. Umegeuza pankeki asubuhi nzima.

Ameingiza karatasi kwenye uwazi wa kioo. Corinne ametoka, yuko mlangoni, ananitazama. Sijaipokea. Naandika tu, na Mheshimiwa anangoja.