Makopo Mawili, Nusu kwa Nusu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimelazwa chini ya mashine inayopiga picha ya mifupa. Haiumi. Unalala chali tu, umetulia kama samaki sokoni. Mama alibaki nje na Bosi, mwanangu wa miezi miwili, anayelia kana kwamba ameibiwa.

Nesi aliyenipima nimempa jina Nesi Mizani, maana hata maneno anayapima kabla ya kuyatoa. Kasema madini ya mifupa ya mgongo wangu yako chini kidogo. Nina miaka kumi na sita, bado nakua mwenyewe, na huku nilibeba mimba, sasa nanyonyesha. Madini ya mmoja yanaliwa na wawili.

Niliogopa sana. Akaniambia kwa wanawake wengi mifupa hupungua wakati wa kunyonyesha, kisha hujijenga tena mtoto akiacha ziwa. Kwa wasichana kama mimi hawana hakika. Ndiyo maana wanafanya utafiti. Nikimwachisha Bosi nitapigwa picha ya pili. Hiyo picha naitaka! Nataka kuona kwa macho yangu kwamba nimerudi kuwa mzima.

Nimepewa kopo la vidonge. Viwili kwa siku, baada ya kula. Makopo mengine yana kalsiamu, mengine vidonge vitupu vinavyofanana navyo. Nani kapata nini? Hata Nesi Mizani hajui. Mama kaguna: dawa gani ya kubahatisha hiyo!

Jumatano, 5 Machi

Vidonge viwili. Bosi ana mafua. Nimechoka.

Jumamosi, 8 Machi

Chiriku kaja na bintiye mgongoni na kopo lake mkononi. Tulisoma darasa moja mpaka matumbo yakatutoa, yeye mwezi mmoja mbele yangu. Jina nilimpa mimi. Mdomo wake haupumziki hata akila.

Tulilamba vidonge vyake, tukalamba na vyangu. Vyote vina ladha ya ukuta! Chiriku akasema haiwezekani mmoja wetu ale chaki na mwenzake ajengwe mifupa. Sisi ni marafiki gani basi? Nikaleta beseni. Tukamwaga makopo yote mawili, tukakoroga kwa mkono, tukagawana: kimoja chako, kimoja changu. Mwenye chaki asikose kabisa. Nilicheka mpaka Bosi akaamka.

Mama sijamwambia.

Jumatatu, 17 Machi

Nesi Mizani kahesabu vidonge vilivyobaki. Vimetimia! Kanipa hongera. Nikaangalia sakafu. Chiriku naye kapewa hongera, akaipokea kwa mikono miwili. Tumepewa makopo mapya. Beseni limefanya kazi tena.

Alhamisi, 27 Machi

Kwenye benchi la kliniki kulikuwa na msichana mgeni. Ana miaka kumi na mitano, tumbo limemtangulia. Kaniuliza: dada, hivi vidonge vinasaidia kweli? Dada! Mimi! Nikamwambia majibu bado tunayasubiri.

Nesi Mizani alikuwa anapita, akasikia. Kasema majibu yatatoka kwenye mifupa yetu sisi. Mwisho wakilinganisha waliomeza kalsiamu na waliomeza vitupu, ndipo watajua kama wasichana wote wanaokuja wapewe au wasisumbuliwe bure. Yule mdogo akaniangalia kama mtu aliyemshikia chakula chake.

Njia nzima nawaza. Mimi na Chiriku tumemeza nusu nusu. Sisi sasa ni jibu la swali gani?

Jumapili, 6 Aprili

Nimemwambia Chiriku nataka kusema ukweli. Kawaka moto! Eti tutafukuzwa wote wawili, na picha yangu ya pili nitaipigia jikoni? Nikasema jina lake silitaji. Akasema kliniki nzima inatuona tukitembea pamoja kama miguu miwili, nani hatajua?

Kisha akanyamaza. Chiriku, kunyamaza! Akamfunga mtoto mgongoni akaondoka. Nimelia mpaka kamasi.

Mama alinikuta hivyo, nikamwaga yote. Nilitegemea kipigo cha maneno. Akasema: mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Utakwenda kusema. Ila kula kwanza, wewe na huyo anayekunyonya. Kaniwekea maziwa, na samaki wadogo wale wa kutafunwa na miiba yao. Nampenda mama yangu, basi tu huwa simwambii.

Jumatano, 9 Aprili

Nimesema! Kwa pumzi moja: beseni, kukoroga, kugawana. Mtu sikumtaja.

Nesi Mizani akaweka faili chini. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Aliuliza kitu kimoja tu: mlianza lini hasa? Akasema bila tarehe, hesabu zangu zote kwenye utafiti hazifai. Tarehe ikijulikana, huenda ikaandikwa kama ilivyokuwa, na picha ya kwanza bado ni nzima.

Nikatoa daftari hili mkobani. Nikafunika ukurasa kwa kiganja, nikamwonyesha palipoandikwa Jumamosi, tarehe nane. Lakini macho yake marefu. Akauliza: Nesi Mizani ndiye nani? Nikatamani ardhi ipasuke. Akacheka! Kacheka mpaka akavua miwani.

Halafu akawa mzito tena. Mwenye uamuzi ni daktari wa utafiti, nirudi Ijumaa. Na huyo mwenzangu, akasema, bila yeye habari ni nusu. Nikafunga daftari.

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika kwenye benchi. Bosi ananyonya, hana wasiwasi wowote duniani. Ndani daktari na Nesi Mizani wanaongea. Nimesikia "tumtoe", nimesikia "tarehe kaileta mwenyewe." Hata wakinitoa, samaki nitatafuna, maziwa nitakunywa. Lakini picha ile naitaka bado, Mungu anajua.

Kuna mtu anakimbia kwenye ukumbi. Ni Chiriku! Bila shaka Mama kamwambia. Jasho linamtiririka, mtoto mgongoni, kopo mkononi linacheza kama kayamba. Hakunisalimu. Kafungua mlango bila hodi.

Namsikia mpaka huku: "Nusu nyingine nimemeza mimi. Mkimtoa yeye mnitoe na mimi. Mkimbakisha, nami nipo."

Daktari anasema kitu, polepole. Kiti kinaburutwa. Sasa kingine. Vya kwetu wawili, nadhani.

Nesi Mizani yuko mlangoni, ananiita kwa mkono. Bosi, achia ziwa, mwanangu, tunaingia.