Mlangilangi wa Nyuma ya Bloki

Gombani, Ijumaa baada ya alasiri

Mama,

Mti umekatwa. Naanza na hili kwa sababu ndivyo ulivyonilea. Siku ya Baba kufariki uliniambia ukiwa bado mlangoni, kabla hujavua viatu. Basi na mimi nakwambia kabla ya salamu: mlangilangi wako umekatwa, ruhusa niliitoa mimi, na kamba ya kuuvuta uanguke nilishika na mimi.

Sasa salamu. Mwenyezi Mungu akutilie nuru huko uliko. Sisi tuzima. Bado naandika kila usiku, tarehe juu na mambo ya siku chini yake, yale uliyokuwa ukinicheka, "Unamwandikia polisi?" Lakini haya hayatoshi kuandikiwa nafsi yangu. Ni yako.

Unalikumbuka bomba kubwa. Tangu nizaliwe majitaka ya bloki zote yalishuka kwa bomba hilo moja la zege hadi bondeni kwenye mikoko. Kwanza lilipasuka kule chini, halafu huku juu. Kila masika chemba zilifurika, na watoto wakavuka maji meusi kwenda chuoni, juzuu zao wameziweka kichwani. Kila masika watu walikuja, wakatazama, wakasema bomba limechoka, wakaondoka. Na kila mara ulisema, "Aliyelileta atalitengeneza."

Kisha akaja Hamad, yule fundi wa Mtambile, na habari ya kila bloki kusafisha uchafu wake palepale ulipo. Vyumba vya zege chini ya ardhi, kimoja kinamimina kwa kingine, halafu kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, na maji yatokayo mwisho yanywewe na migomba. Hakuna bomba la kwenda mikokoni. Ila mtambo ulitaka pahala pa chini kuliko pote, na pahala hapo palikuwa nyuma ya jiko letu, chini ya mlangilangi.

Ulitoka na kiti chako cha plastiki ukakiweka juu ya chemba, ukakaa, mafundi wameshika kamba za kupimia.

"Weye kijana, mavi ya majirani unataka kunifugia dirishani kama kuku?"

"Bi Tatu," alisema, "hapo ulipo ushayakalia."

Bloki nzima ilicheka. Hukumsamehe mpaka unakufa. Nami niliposema Hamad ana haki, ulinigeukia mbele ya watu wote. "Nimekusomesha hadi fomu foo, leo umekuja kunisomea choo?" Wakacheka tena. Nilicheka nao ili nisilie.

Bi Saumu, wa mlango unaotazamana na wetu, alikuwa wa kwanza kabisa kuukubali mtambo. Futari aliyokuletea Ramadhani ile uliila, kisha sahani yake ukairudisha tupu. Miaka yote mlipokezana sahani, haijawahi kwenda tupu. Aliipokea, akaitazama, akafunga mlango taratibu.

Mradi ukahamia bloki ya pili. Wao wakakauka, sisi tukanuka. Ukasema uvundo unatoka kwao.

Hospitali, siku yako ya mwisho ya kusema maneno yanayoeleweka, hukuuliza habari yangu. Ulisema, "Mti wangu usiguswe. Niahidi, Raya." Nikasema, "Sawa, Mama." Ulifumba macho umeridhika. Sitajificha nyuma ya neno. Ulijua nimeahidi, na mimi nilijua.

Sasa nikueleze kuoshwa kwako, maana ulikuwapo lakini hukuona.

Ulikufa kwa presha. Watu wanapenda kusema ni uvundo, si kweli. Lakini ulikufa mvua zimeshika, na chemba zilikuwa zimejaa. Kwenu Mtambile ungechimbiwa ufuo ndani ya nyumba, lile shimo refu la kupokea maji ya maiti, na ardhi ingeyanywa kwa heshima. Katika fleti chini ni saruji. Wakakulaza kwenye kitanda cha kuoshea, bafuni kwetu. Mwosha alikuwa Bi Saumu. Alikuja bila kuitwa.

Alimimina kata za mwanzo, na maji hayakushuka. Yakasimama. Kisha yakaanza kurudi juu, na hayakurudi peke yake, Mama. Yalirudi na bloki nzima. Mwalimu Neema wa ghorofa ya pili alikimbia ngazi akigonga kila mlango, "Jamani msimwage maji! Bi Tatu anaoshwa!" Kila mtu alisikia. Na bado juu mtu akavuta choo. Nilikuwa nimekushika miguu. Nilikuinua, sikuweza kukuinua vya kutosha.

Tukakutoa nje. Wanawake wakashika kanga pande zote, mvua inawapiga, na mjukuu wa Bi Saumu akaambiwa achimbe ufuo chini ya mlangilangi, mti ulioupenda. Jembe likazama, likatoka na mizizi myeusi inayodondoka maji, na harufu ileile. Ardhi yenyewe ilikuwa imeoza. Ikabidi kukuhamisha tena, mpaka kwenye kamba za kuanikia nguo, na kuanza upya.

Nilikuwa nalia kwa sauti. Bi Saumu alikunja mikono, akashika kata, akasema, "Kwanza, pili, na hii ya tatu. Tatu ni sunna. Lia, lakini usinimwagie machozi kwenye maji." Alikuosha vizuri. Alikuchana, akakutia kafuri, hakuharakisha chochote. Ulimrudishia sahani tupu na yeye akakurudisha kwa Mola wako safi. Sijui lipi lingekuuma zaidi, uchafu au mkono wake.

Baada ya khitma Hamad aliifungua ile chemba uliyokuwa ukiikalia. Alipiga magoti, akaingiza mkono, akavuta. Mzizi mmoja ukaja na mwingine, na mwingine, imesokotana kama nywele za kichwa kisichochanwa, imejaza bomba lote. Mlangilangi ulilipasua bomba zamani na kuingia ndani. Kumbe ndiyo maana ulichanua hata kiangazi, wakati milangilangi ya wenzetu ilikauka. Mti ulikuwa unatunywa sisi.

Hamad alinitazama, mizizi mkononi. Afadhali angecheka.

Aliyecheka ni Bi Saumu. Alishika kiuno, akasema mbele ya wanawake wote, "Basi kumbe! Nani hapa hakuvaa kikuba cha maua ya mti wa Bi Tatu siku ya harusi? Sote tumeolewa tukinukia choo chetu wenyewe." Wanawake wakaangua kicheko mpaka wakashikana mabega. Na mimi nilivaa, Mama. Ulinifunga kikuba kwa mkono wako, ukaninusa shingoni, ukasema hakuna mwari aliyewahi kunukia hivi.

Watu wa mradi walisema watarudi mara moja tu kwa bloki yetu. Majirani wakamtuma Mwalimu Neema aje kwangu, kwa sababu ni mtu wa bara na ana upole. Alikaa ukingoni mwa kiti chako. "Dada Raya, pole sana. Hatukuharakishi. Ila mwanangu ameniuliza kama mvua nyingine itakuja kabla hujamaliza kulia."

Mti ungebaki, mtambo usingejengwa. Mizizi ingevunja kila ukuta. Na si mti wako tu. Uliupanda pale ulipozika kitovu changu, mwezi ule mlipohamia hapa, huku Baba akikucheka kwamba fleti haina shamba. Nilikwenda kwa shehe wa msikiti wetu nikamweleza wasia wako neno kwa neno. Akasema wasia wa kumdhuru jirani hautekelezwi. Nilimwendea ili anikataze.

Kwa hiyo tukakata. Shoka, msumeno, kamba. Asubuhi kabla hawajaanza nilichuma maua yote niliyoyafikia, Bi Saumu akaja kuyaomba kwa harusi ya mjukuu wake wa kike. Nikamkumbusha yalikolelewa. "Miye najua," alisema. "Bwana harusi hajui." Nikampa.

Mti ulikataa kuanguka walikotaka. Ulilalia dirisha la jiko lako ukalivunja. Kijana mmoja akapiga kelele, "Bi Tatu huyooo!" Watu wakacheka, Mama. Na mimi nilicheka, kamba ikiwa mkononi.

Mtambo umejengwa. Matete yamenipita kimo. Masika haya watoto walikwenda chuoni wakavu. Hakuna anayekutaja kwa ubaya tena, maana hakuna anayekutaja. Walikuchukia uvundo ulipokuwapo. Uvundo ulipoondoka, nawe umeondoka nao.

Mwezi uliopita alifariki Mzee Faki wa juu, uliyemwita mvivu mbele ya wajukuu zake. Walimwosha bafuni kwake. Nilisimama jikoni kwetu, nikaegemea ukuta linapopita bomba, nikasikiliza. Maji yake yalishuka, yakapita, yakaenda zake. Hakuna aliyekimbia ngazi. Hakuna aliyeshika kanga mvuani. Mtu aliyekaa barazani umri wake wote akaoshwa mara moja kwa utulivu, na wewe uliyefagia ngazi za bloki hii kila alfajiri ulizungushwa uani kama godoro lililolowa. Nilimwonea wivu maiti.

Migomba inayokunywa maji ya mwisho imezaa. Mkungu wa kwanza hakuna aliyetaka kuula, walitazamana tu. Nilipika ndizi zile kwa nazi, nikajaza sahani ya Bi Saumu, ileile, iliyorudi kwetu na chakula cha matanga, nikampelekea. Aliipokea. Sahani ilirudi kesho yake na samaki wawili wa kukaanga.

Limebaki kisiki. Hamad alitaka king'olewe, kwa sababu kikiachwa kinachipua, na kikichipua mizizi inarudi kutafuta maji. Nikamwambia kisiki hakitoki. Chini yake niko mimi. Akafikiri, akasema kitaachwa ikiwa mtu mmoja atachukua dhamana ya kukikata kila kikitoa jani, asikose, asikionee huruma siku hata moja. Majirani wakanitazama. Nikasema ni mimi.

Chipukizi la kwanza lilitoka baada ya mvua za vuli. Lilikuwa laini, la kijani cha kung'aa, na nilipolikata lilinukia kidogo, kama shingo yako ukitoka kuoga. Nililiweka mfukoni mwa buibui mpaka likanyauka. La pili sikuliweka.

Ulitaka mti wako usiguswe. Ninaugusa kila Ijumaa, Mama, hakuna mwingine anayeugusa. Leo pia kabla ya kukaa kuandika haya nilishuka na kisu, nikakuta machipukizi matatu upande wa dirisha lako.

Lala salama. Nakuombea kila sala, na hilo halitabadilika. Na hii ndiyo ahadi yangu, na safari hii naitamka yote: maadamu niko hai, kisiki chako hakitang'olewa, na hakitachanua.

Mwanao,
Raya