Ndege ya Kupakia Kwenye Lori Lako

Haji, ndugu yangu,

Nnakuandikia nikiwa karakana Bububu. Mlango nimeufunga nusu, ili wateja wajue nipo lakini sitaki maneno. Mbele yangu pana lori lako dogo la bati. Pembeni yake pana ndege yangu ya plaiwudi, mbavu tupu, haijavaa ngozi. Na baina yao pana ugomvi ulioniachia miye peke yangu niumalize. Ndiyo kawaida yako. Wewe hushika usukani, miye nakumbukwa mambo yakikwama.

Bi Salma hajambo. Alipotoka eda tu akaniita nyumbani. Akalivuta lori kutoka uvunguni, limefunikwa kanga, akasema, "Shemeji, mwenzako hakutaka mtu alione mpaka liishe. Rangi bado, lakini magurudumu yanazunguka. Lipakie hiyo ndege yenu, nataka kuliweka sebuleni." Akageuza uso. Nami nikajifanya nakagua magurudumu.

Hiyo ndege yetu. Unaikumbuka siku ile barazani, ulipowasimulia kwamba tuliwahi kupakia ndege uwanjani tukaipeleka Bwejuu? Muuza kahawa akasema, "Haji kabeba ndege, basi na miye juzi nimebeba meli kwa baiskeli." Watu wakacheka mpaka wengine wakamwaga kahawa. Nikataka kuwajibu, ukanishika mkono. Njiani ukaniambia, "Khamis, tuwatengenezee waione. Miye lori, wewe ndege. Lakini usinipakilie mpaka nikuite."

Hukuniita. Presha ilikuwahi.

Na ushahidi mwingine hatuna. Simu zetu enzi hizo zilikuwa za tochi. Yule mwenye hoteli aliyeinunua kuukuu, haina injini, ili watoto wa wageni waichezee bustanini, aliuza kila kitu akaondoka, na ndege ikakatwa ikaenda na wanunuzi wa chuma chakavu. Kwa kilo, Haji. Kitu kilichowahi kuruka.

Miye kila kitu nnakiona bado. Mbawa tulizifungua tukazilaza ubavuni, tukazitandikia magodoro zisikwaruzane. Kiwiliwili kilikuwa mita kumi na moja, tela lako mita nane. Mita tatu za mkia zikaning'inia nje, nawe ukaufungia kanga nyekundu ya Bi Salma uliyomwomba asubuhi ile bila kumwambia ya nini. Ndani ya kabini mlikaa wawili, wewe na tajiri mwenye lori na mkoba wake. Miye, utingo, juu na mti wenye panda, nainua nyaya za simu moja moja. Kabla ya msitu wa Jozani tukakuta waya wa umeme umelegea. Ule hauguswi kwa mti. Ukashuka, ukautazama, ukasema maneno mawili tu: "Punguza upepo." Nikazitoa upepo tairi zote, ukapita taratibu, waya ukabaki kiganja kimoja juu ya mgongo wa ndege. Hakuna dereva mwingine kisiwani ambaye angelipita pale. Hilo nakupa.

Lakini kuzijaza upepo tena nilizijaza miye, kwa pampu ya mguu, nyinyi mkila mihogo kivulini. Halafu mvua ikatupiga msituni kote, nami juu, nimejifunika gunia. Tulifanya kazi pamoja miaka saba, na hata siku moja hukumwambia tajiri, "Leo Khamis akae mbele." Hata siku ile nilipokuwa na homa. Nimeacha kazi ile, nimejifunza aluminiamu kwa kutazama mikono ya watu, nimefungua karakana kwa jina langu, na bado kila mvua ikianza nakulaumu. Umekufa na nakulaumu. Sasa umejua.

Turudi kwenye lori. Mtu akiunda kitu kidogo kwa mfano wa kikubwa, lazima achague kipimo kimoja akifuate. Nimelipima tela lako: sentimita arubaini. La kweli lilikuwa mita nane. Basi umepunguza mara ishirini, safi kabisa, na ndege yangu inatakiwa iwe sentimita hamsini na tano. Nimekata mbavu zake kwa plaiwudi kwa kipimo hicho. Makopo ya soda nimeyapasua ya kutosha ngozi yote, na misumari yake ya ribiti naichora kwa kalamu iliyokwisha wino, nagandamiza kwa nyuma ya bati, nukta baada ya nukta. Madirisha ni chupa ya maji. Ungeziona zile nukta ungenyamaza, na wewe ukinyamaza ndiyo sifa.

Halafu nikaipima kabini. Kwa mara ishirini, upana wake ulitakiwa uwe sentimita kumi na mbili. Umeifanya kumi na tano! Imelizidi tela lake kwa upana. Lori limekuwa kama mtoto aliyevaa kofia ya babu yake. Nikasema, mzee huyu macho yalikuwa yamemwishia, au alipenda kabini yake kupita kiasi. Nikiifuata kabini, basi ndege inakaribia sentimita sabini, tela haliiwezi. Nikilifuata tela, basi wale wa barazani wataona kabini kwanza, na watakucheka tena. Safari hii hupo wa kunishika mkono.

Nikamuuliza Bi Salma kama naweza kuikata nikaipunguza. Akajibu, "Fanya unavyoona, shemeji. Mwenyewe hayupo wa kukasirika." Nikachora mistari miwili kwa kalamu, sentimita moja na nusu kila upande. Msumeno nikautia wembe mpya. Wallahi mkono ulikuwa mzito, lakini hesabu ni hesabu.

Ili nikate ilibidi nifungue paa. Vijiskurubu vinne, vya saa ya ukutani. Nikalinyanyua.

Usukani umeufanya kwa pete ya kutungia funguo. Kiti cha dereva cha sponji, umekivika reksini ya kahawia. Kiti cha tajiri dirishani, hivyo hivyo. Na katikati, mahali ambapo lori la kweli lilikuwa na gia, umeweka kiti cha tatu. Gia umeihamishia chini ya usukani ili kiti kipate nafasi. Juu yake pana kipande cha gunia, kimekunjwa mara nne, kimekauka.

Nikakipima. Sentimita tatu. Mara ishirini ni sentimita sitini, makalio ya mtu mzima. Ukikitoa kiti kile, kabini inarudi kumi na mbili kamili.

Nikaweka msumeno chini, nikaenda kunawa uso.

Ungesema, Haji. Hicho ndicho kinachoniuma sasa. Mdomo ulikuwa nao, tulikunywa kahawa pamoja miaka yote hii, ukaona bora uniambie kwa bati chini ya kitanda. Na miye, fundi wa kupima, nusura nikikate kiti changu mwenyewe kwa kudhani umekosea.

Kabini siigusi. Mistari yangu nimeifuta kwa petroli. Ndege naimaliza kwa kipimo cha tela, mkia utatoka nje sentimita kumi na tano kama ulivyotoka, na Bi Salma kaniahidi ncha ya kanga nyekundu. Paa nitalifunga kwa bawaba badala ya skurubu, ili anayetaka aone ndani. Nitaliweka sebuleni kwenu, na kila Idi nitakuja kulipangusa vumbi, maadam nnavuta pumzi.

Na nitawaalika wale wa barazani, muuza kahawa awe wa kwanza. Atakayesema kabini ni kubwa mno, nitampa rula apime.

Pumzika, dereva wangu. Mola akupe nafasi huko uliko.

Ni miye, Khamis, utingo wako.