Nukta Nyekundu za Mama Salma

Jumatano. Mvua imeanza alfajiri hapa Nguvumali na haijaacha.

Niwieni radhi, ninyi mnaosoma ukurasa huu. Nimekaa kimya tangu Ramadhani, na si kwa uvivu. Nilikuwa na jambo moja tu la kuandika, na sikuwa na ruhusa ya kuliandika.

Ruhusa nimepewa asubuhi hii. Mke wangu, Mama Salma, ana saratani ya titi.

“Andika, Mwalimu,” amesema, “ila jina alilonipa baba yangu liache.”

Nimeliacha.

Alikatwa kipande kidogo cha uvimbe hapa Tanga, kikatiwa katika chupa yenye dawa ya kuhifadhi, nasi tukaambiwa kifike maabara Dar es Salaam bila kuchelewa. Mdogo wake, Hamadi, alikuja kutoka Moa akajitolea kukipeleka. Basi halijapita Pongwe, akapigiwa simu: mtoto wa mjomba wao amefariki, naye yuko palepale Pongwe. Hamadi akashuka. Mtu wa kwetu hapiti mji wenye maiti ya ndugu yake akaendelea na safari. Alizika, akakaa matanga hadi khitma ikasomwa, na mfuko wenye chupa ulining'inia kwenye msumari chumbani muda wote huo. Kisha akaondoka kwenda Dar es Salaam, kana kwamba hapakuharibika kitu.

“Si nyama imo ndani ya dawa, shemeji?” aliniambia aliporudi. “Nilijua haiozi.”

Kweli haikuoza.

Kwamba ni saratani, maabara waliona. Kilichobaki ni kujua aina yake, maana ipo dawa inayomfaa mgonjwa iwapo tu kinasaba fulani kimezidi ndani ya seli zake. Kisipozidi, dawa hiyo haina faida, na yaweza kuudhuru moyo bure.

Jana daktari wetu hapa Tanga alitufungulia kwenye kompyuta picha iliyotumwa na maabara. Sijawahi kuona kitu kizuri kilichonichoma hivyo. Seli za mke wangu zilikuwa za buluu juu ya weusi, kama matone ya wino. Daktari alieleza kuwa humwagiwa vipande vya vinasaba vilivyotiwa rangi inayong'aa, navyo hunata mahali pake tu. Nyekundu hunata kwenye kinasaba kinachotafutwa, kijani hunata sehemu nyingine, ya kulinganishia. Kompyuta hupiga picha, huchora mpaka wa kila seli, kisha huhesabu nukta, seli baada ya seli, bila kuchoka wala kupepesa.

Kwetu haikuhesabu.

Nukta zilikuwa hafifu. Nyingine zilipotea katika ukungu uliotanda seli nzima. Kipande kilikuwa kimelowa katika dawa kupita kiasi, na rangi haikunata ilivyopasa. Karibu kila seli kompyuta iliiwekea alama ya kuikataa. Daktari alijaribu kuhesabu kwa macho yake mwenyewe, akaacha.

“Mzee, nikikutajia jibu hapa nitakuwa nimebahatisha,” alisema. “Tunahitaji kipande kipya.”

Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote. Siku zote nilimheshimu mwanafunzi aliyeacha nafasi wazi kuliko yule aliyebahatisha. Jana niliichukia nafasi wazi.

Mama Salma alifunga mtandio wake vizuri, akasema, “Wewe umezoea kuwarudisha watu darasa. Mimi sirudii.”

Daktari alicheka. Mimi nilitoka nje, nikasimama ukutani, nikalia. Sikumbuki mara ya mwisho nililia lini.

Leo baada ya chai nimemsihi. Nimemweleza kuwa bila kipande kipya tunatibu gizani, na kwamba uvimbe hautungoji. Amenisikiliza hadi mwisho. Kisha ameuliza jambo ambalo sikulitarajia.

“Hamadi umemsemesha?”

Sijamsemesha. Tangu tutoke kwa daktari jana, amepiga simu nami sikuipokea. Jioni alileta samaki, nikabaki chumbani hadi akaondoka.

“Mtoto yule alimzika ndugu yetu,” amesema. “Ungemtaka apite? Na mimi nikifa, apite?”

“Usiseme hivyo.”

“Basi mpigie. Sitakwenda kukatwa tena huku nyumba yangu imenuniana.”

Nimempigia. Amepokea kabla simu haijaita mara ya pili.

“Shikamoo, shemeji.”

“Marahaba, Hamadi.”

Nilikuwa nimetayarisha sentensi nzuri, zenye mpangilio. Hakuna hata moja iliyotoka. Nimesema tu kwamba samaki walikuwa wazuri. Amelia kwa sauti, mtu mzima yule, nami nimeishika simu nisijue pa kutazama. Mama Salma alikuwa mlangoni anasikia.

Nilidhani sasa atasema ndiyo.

Hakusema. Ameketi karibu yangu, ameushika mkono wangu, na amesema, “Ahsante. Sasa niache nifikiri. Kuogopa kisu naogopa kweli, Mwalimu. Hilo halikuwa la Hamadi.”

Nimeishi naye miaka yote hii nikidhani hajui woga.

Sitamsukuma tena. Mwili ni wake, na uamuzi ni wake. Akikubali, nitaandika hapa siku hiyohiyo. Akikataa, nitaandika pia, ijapokuwa sijui nitaanza na neno gani.